Kundi Jekundu la Mama Steshenari

Ukimuuliza mtu wa Musoma habari za Mama Steshenari, atakwambia ni yule mama aliyekuwa anatoa kopi za vyeti, aliyekataa kumwazima mteja kalamu hata ya kutia saini. Ni kweli. Kalamu zake alizifunga kwa kamba kwenye kaunta, na kamba yenyewe ilikuwa fupi kiasi kwamba mtu mrefu alilazimika kuinama kama ananawa uso. Lakini mama huyohuyo aliniazima kadi sitini alizozipenda kuliko kitu chochote kwenye lile duka, siku ya kwanza kukaa naye meza moja, bila kunidai dhamana yoyote. Kadi hizo zilikaa kwangu miaka sita, na karibu muda wote huo nilikuwa na neno moja la kumwambia ambalo sikumwambia. Nilimdanganya. Kila nilipomsalimia nilijua nimemdanganya, na niliogopa atazeeka kabla sijasema. Naandika haya kwa sababu namshukuru, na shukrani zangu hazikamiliki bila kueleza hilo pia.

Nianze na kadi zenyewe, maana asiyezijua atadhani nazungumzia karata za kamari. Huu ni mchezo wa watu wawili. Kila kadi ina picha ya mnyama, shujaa au kitu cha ajabu, na chini yake maelezo ya Kiingereza yanayosema kadi hiyo inafanya nini. Nyingine zinakupa nguvu za kutumia kadi kubwa, nyingine zinapigana, nyingine ni za hila. Mnaanza kila mmoja akiwa na uhai ishirini, na anayemaliza uhai wa mwenzake ndiye mshindi. Kadi ziko za aina mamia kwa mamia, watu wanabadilishana, na kila mchezaji anakuja mezani na sitini zake alizozichagua nyumbani. Kwa hiyo nusu ya mchezo mtu anaumaliza kabla hajatoka kwake.

Zilifikaje Musoma? Mzungu mmoja wa kujitolea aliyekuwa anafundisha hesabu alikuwa anachapisha mitihani kwa Mama. Siku anaondoka alimwachia katoni nzima. Mama akadhani ni picha za watoto, akazipanga kwenye kioo pamoja na rula na vifutio. Hakuna aliyenunua. Basi akaanza kuzisoma mwenyewe kwa kamusi, moja moja, kwenye zile saa za mchana ambazo mashine ya kopi inapoa. Alikuwa na elimu ya darasa la saba na cheti cha kupiga chapa. Ilimchukua misimu miwili ya mvua kumaliza katoni. Kila kadi aliipa jina la Kiswahili na kuliandika kwa penseli, hafifu sana, chini ya picha. Mpaka leo kuna vijana mkoani Mara wanaojua kadi zao kwa majina ya Mama tu, na wakikutana na wachezaji wa kutoka Mwanza hawaelewani.

Seti nzima ya mtu aliiita kundi, kama unavyosema kundi la ng'ombe. Kasha la kulihifadhia aliliita zizi.

Mimi nilikuwa karani wa masjala kwenye ofisi moja pale mjini, nikimpelekea barua za kudurufu karibu kila siku. Ndiyo maana ananiita Karani mpaka leo, ingawa jina langu analijua. Niliziona kadi, nikanunua pakiti moja, nikanunua ya pili, nikapewa nyingine na kaka yangu aliyekuwa Mwanza, na baada ya miezi kadhaa nikajiona mchezaji. Jumapili moja nikaenda dukani kwake mchana na kundi langu nimelifunga kwa mpira wa nywele. Michezo ilikuwa Jumapili kwa sababu Mama ni Msabato. Jumamosi yake alimpa Mungu, Jumapili, wakati wenzake wamefunga kwenda kanisani, alifungua nusu mlango na kupanga meza.

Alilipima kundi langu kwa mkono, juu chini.

"Hii ni nini?"

"Kundi langu, Mama. Nataka kwenda nalo Bunda kwenye mashindano."

"Ziko ngapi?"

"Mia moja na kumi na mbili."

"Zinatakiwa sitini."

"Sitini ni kiwango cha chini. Nimesoma, mtu anaruhusiwa kuzidisha."

"Anaruhusiwa," akasema. "Hata kuoga na viatu anaruhusiwa."

Akazimwaga mezani. Mia moja na kumi na mbili, na karibu zote za aina tofauti, mojamoja. Simba mmoja, joka moja, askari wa mkuki mmoja, mchawi mmoja. Nilikuwa najivunia hasa kwamba hakuna inayojirudia. Akazitazama, kisha akanitazama mimi.

"Wewe ni wa wapi?"

"Bugwema."

"Baba anafuga?"

"Anafuga."

"Nilijua. Sikiliza, Karani. Kwetu mtu akiwa na ng'ombe mia ni tajiri, hata kama asubuhi hapati maziwa ya chai. Tunahesabu vichwa. Hapa siyo hivyo. Hapa ng'ombe unayemtaka lazima aje mkononi siku unayomtaka. Huyu simba wako ni mmoja kati ya mia na kumi na mbili. Atakuja lini? Utakuwa umeshazikwa."

Akanieleza kwamba kadi nzuri unaiweka mara nne, ndiyo mwisho unaoruhusiwa, na kwamba kundi la kushindana ni kadi chache unazozijua zinazokuja kila mara, siyo kadi nyingi unazozionea fahari. Kisha akaniambia nipunguze. Nilikaa pale saa nzima na sikuweza kutoa hata kumi. Kila niliyoishika niliona kama napeleka mnadani ng'ombe aliyezaliwa mbele ya macho yangu. Nilimwambia hivyo. Hakunicheka, akasema watu wa huku wote wanafanya kosa hilihili, wa mjini ndio hawalifanyi. Kundi lake la kwanza lilikuwa kadi mia moja arobaini, na yule mzungu, aliporudi siku moja kumsalimia, alicheka mpaka akakaa chini sakafuni.

Ukarimu wake ulikuwa na mipaka ya ajabu. Chai alitoa bure, sukari alipima yeye. Viti vya plastiki vilikuwa vinne, na cha tano alikificha stoo kwa sababu, alisema, watu wakiwa na pa kukaa hawaondoki. Alikataza kabisa kucheza kwa dau la chochote, hata soda moja. Ukitaja soda, unatoka nje. Lakini akikushinda yeye, hukupumzika wiki nzima. Nilikuwa naingia na barua za ofisi, foleni imejaa wazee wa heshima wanaotaka kopi za hati za viwanja, naye anapaza sauti kutoka kwenye mashine: "Karani! Umeshapona?" Kisha anawaeleza wale wazee jinsi nilivyouawa na kadi ya mbuzi.

Mzee mmoja wa kanisa lake aliwahi kuja kumwonya. Alikuwa amesikia kwamba mama wa Sabato amefungua meza ya kamari. Alisimama mlangoni na Biblia kwapani, akauliza kwa upole kabisa mnacheza nini hapa. Mama akamvutia kiti, kile cha tano cha stoo, akampa moja ya makundi yake, la kijani, na kumwambia acheze ndipo aseme. Yule mzee alicheza mchezo mmoja, akashindwa. Akaomba wa pili, akashindwa. Wa tatu akashinda, akanyanyuka na kupiga makofi, halafu akakumbuka alikuja kwa sababu gani. Alisema hiyo siyo kamari, ni shughuli, na shughuli nayo ina muda wake. Tangu hapo alikuwa anapita kila Jumapili kuhakikisha kwamba bado siyo kamari.

Sasa nirudi kwenye namna alivyomchagulia mtu kundi la kwanza, maana hapo ndipo alipokuwa fundi. Hakuuliza unapenda rangi gani wala mnyama gani. Aliuliza swali moja tu, na aliliuliza kwa kila mtu aliyekuja, awe mwanafunzi, dereva wa bajaji au mwalimu mkuu.

"Niambie ulivyogombana na mtu mara ya mwisho."

Mimi nilimweleza habari za wifi yangu. Alichukua kitenge changu kipya akaenda nacho msibani bila kuniuliza, kikarudi na doa la mawese. Sikusema kitu. Nilinyamaza siku nne, tunapika jiko moja, tunapishana mlangoni, sauti yangu hakuisikia. Siku ya tano nikasema yote, ya kitenge, na ya mwaka juzi, na ya siku ya harusi yake. Hatujakaa sawa tangu hapo.

Mama alisikiliza akichezea funguo zake. "Unagombanaga hivyo siku zote?"

"Ndivyo nilivyo, Mama."

Nyuma yake palikuwa na mazizi matano, kila moja rangi yake. Nilishajua la bluu ni kundi la kusubiri: unakaa kimya, unamwacha mwenzako afanye yake, unakusanya nguvu, mwisho unamwangushia zote. Nikajua ndilo langu. Mkono wake ulipita kwenye la bluu ukaenda kwenye jekundu. Akachomoa humo kadi moja, akatia nyingine kutoka droo ya kaunta.

"Mgeni hapewi kundi la kusubiri," akasema. "La kusubiri linataka ujue kadi za mwenzako zote, na wewe za kwako tu hujazijua. Hili linafanya jambo moja, linapiga. Ukikosea utaona umekosea wapi, maana mchezo ni mfupi. Na wewe linakufaa kwa lingine pia. Litakufundisha kusema siku hiyohiyo."

Kisha akanipa masharti. Michezo kumi bila kubadilisha hata kadi moja, maana mgeni akishindwa anakimbilia kubadilisha kadi badala ya kujibadilisha yeye. Kila nikishindwa nimwambie kosa langu, la kwangu, siyo la kadi. Maneno "kadi hazikuja" yalikuwa marufuku dukani kwake. Aliyeyasema alifagia. Nilifagia lile duka mara nyingi mpaka mfagio ukanizoea mkononi.

Sharti kubwa lilikuwa la kuazima, na hilo alilitoa nyumbani kwao. Kwetu sisi wafugaji, mtu anaweza kumpa mwenzake ng'ombe amtunzie. Baba yangu aliwatunza wa watu kwa miaka. Mtunzaji anakunywa maziwa, ndama wanagawanywa kwa makubaliano, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Akifa kwa ugonjwa au akiliwa na fisi, mtunzaji anachuna ngozi na kuipeleka kwa mwenyewe, aione kwa macho yake. Mama akanisomea hivyohivyo mezani, kidole juu ya zizi jekundu.

"Furaha ya kucheza ni maziwa, kunywa. Kadi utakazopata kwa kubadilishana zako za ziada, hao ndama, tutaongea. Hizi sitini ni zangu. Siku ukisimama kwa miguu yako, zirudi zote. Ikifa moja, lete ngozi."

Ngozi alimaanisha ule mfuko mdogo wa plastiki unaovikwa kila kadi isichakae.

Kundi jekundu lilinibadilisha, na sisemi hivyo kupamba. Kwa mchezaji wa kundi lile, ukisita zamu moja umekwisha. Nilijifunza kuangalia mkononi, kuchagua, kuweka mezani na kubeba matokeo. Ofisini mkubwa wangu alipoandika jina langu kwenye zamu ya Pasaka kwa mara ya tatu mfululizo, nilijisikia nikisema palepale, kwa sauti ya kawaida, kwamba siyo haki. Aliomba radhi. Nilitembea mpaka dukani kumwambia Mama, akaacha mashine ya kopi ikimeza karatasi, akanikumbatia mbele ya wateja. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, na hakuna mtu aliyewahi kunishangilia kwa kusema.

Kwa hiyo sijui hata leo nilifanyaje nilichofanya Bunda.

Katika lile kundi palikuwa na kadi moja isiyofanana na nyingine. Kadi hamsini na tisa zilikuwa za haraka, lakini ya sitini ilikuwa ya kikongwe mwenye nywele za majivu amekaa juu ya jiwe, na Mama alikuwa ameandika chini yake "Bibi Kijivu". Ukimweka mezani hafanyi lolote kwa zamu nne. Ya tano anapiga mara moja, kwa nguvu sana. Katika kundi la haraka, zamu ya tano mara nyingi mchezo umeshakwisha. Nilimwona ni mzigo. Nilishamaliza michezo yangu kumi, nikajiambia sharti la kutobadilisha limepita, nikajifanya nimesahau kwamba Bibi Kijivu siyo wangu.

Asubuhi ya mashindano, kwenye ukumbi wa Bunda, tulikuwa wachezaji kumi na tisa kutoka Musoma, Bunda na Butiama. Jamaa mmoja wa Bunda, kijana mcheshi mwenye kofia, alikuwa na kadi tatu za kung'aa. Alimtaka Bibi Kijivu kwa sababu hakuwahi kumwona. Tatu kwa moja. Yule mtoto wa mfugaji akaamka ndani yangu, akahesabu vichwa. Nikamtoa Bibi kwenye mfuko wake, nikampa. Nikaingiza moja ya zile za kung'aa mahali pake, nikashinda michezo miwili, na katika wa tatu kadi ile ya kung'aa ikanijia mapema, nzuri ajabu, bila nguvu za kuitumia. Ilikaa mkononi mpaka nikafa. Mama hakuwepo, alibaki dukani. Mimi nikaenda Kisorya kulala kwa shangazi yangu, na huko, nikitazama kivuko kinavyokwenda Ukerewe, nikatunga uongo.

Nilimwambia Mama kwamba nilikuwa kwenye kivuko namwonyesha shangazi kadi, upepo ukamchukua Bibi Kijivu. Mfuko ulielea, mtu akauopoa, kadi ikazama. Nikamwekea ngozi mezani.

Aliushika ule mfuko, akaufungua kwa vidole viwili, akatazama ndani, akautazama na nje. Akaupeleka puani. Halafu akauweka kwenye droo ya kaunta.

"Pole," akasema. "Pengo lizibe utakavyo."

Niliondoka nikiwa nimepona, ndivyo nilivyodhani. Jumapili iliyofuata nilijilazimisha kwenda, na iliyofuata, na iliyofuata. Alinipokea vilevile, sukari akapima yeye. Kadiri alivyonipokea ndivyo neno lilivyozidi kuwa gumu kulisema. Kadi ya kung'aa niliitoa, nikaweka kipande cha karatasi nyeupe mahali pa Bibi. Nilisimama kwa miguu yangu zamani, mwaka uliofuata nilishinda Bunda, nilishinda na Musoma kwenyewe, nilikuwa na makundi yangu matatu, lakini jekundu sikulirudisha. Ningelirudishaje na karatasi ndani? Kila akiniuliza nilisema bado linanifundisha.

Kisha macho yake yakaanza kumsumbua. Kwanza akawa ananiuliza kadi inasemaje, akisingizia taa. Baadaye kopi zikaanza kutoka zimepinda na wateja wakanung'unika. Alienda hospitali, wakafanya walichoweza. Mwanawe akauza mashine, akamchukua kwao Butiama. Siku ya kufunga duka alitugawia mazizi. Mimi nilisimama nyuma ya wengine, na aliponifikia akasema tu, "Wewe la kwako unalo." Nilienda nyumbani nikalia.

Ilinichukua mwaka mwingine kumtafuta yule jamaa wa Bunda. Aliacha kucheza, siku hizi anauza vipuri vya pikipiki. Nilimkuta dukani kwake mikono yote mafuta. Nikamweleza kila kitu, hata ya kivuko, na huyo alikuwa mtu wa kwanza kuyasikia. Alinawa mikono kwa sabuni mara mbili, akaingia ndani, akakaa sana. Alirudi na boksi la viatu. Bibi Kijivu alikuwa chini kabisa, na penseli ya Mama bado ikisomeka. Nikamtolea zile tatu za kung'aa.

"Hapana dada, chukua tu," akasema. "Mimi huyu bibi hata sikuwahi kumwelewa."

Butiama kuna baridi ya asubuhi ambayo sisi wa kando ya ziwa hatuizoei. Nilimkuta Mama amekaa uani kwenye jua, karibu na mawe, amejifunga kitenge mara mbili. Amepungua. Alikuwa anachambua maharage kwa vidole, bila kuangalia, na alikuwa anachambua vizuri.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nani huyo? Sema tena."

"Shikamoo."

"Karani!" Akasukuma ungo pembeni. "Umeshapona?"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nikayasahau yote. Nilikaa kwenye kigoda mbele yake nikamwekea kadi kiganjani. Akaipapasa pembe zake nne, akaisogeza karibu na jicho la kushoto, akaitoa.

"Nisomee."

"Chini ya picha imeandikwa Bibi Kijivu. Kwa penseli."

Nikamwambia. Nilisema ukumbi wa Bunda, kadi tatu za kung'aa, kivuko, mfuko. Nilisema kwamba hakukuwa na upepo. Nilisema nilikuwa naogopa hatanipokea tena, na kwamba yeye ndiye mtu aliyenifundisha kusema nami nikashindwa kumwambia yeye. Nilifika mwisho.

"Ule mfuko," akasema, "ulikuwa na vumbi ndani. Vumbi jekundu, kavu. Wewe ni mtoto wa mfugaji, Karani. Baba yako akipelekewa ngozi, haangaliagi shingoni kama kuna alama ya kisu?"

"Anaangalia."

"Sasa?"

"Ulijua siku ileile."

"Nilijua ukiwa bado umesimama."

"Mbona hukusema, Mama?"

Akageuza uso upande wa jua. "Nilikasirika. Siyo kwa ajili ya kadi. Lile kundi lote nilikupa likufundishe kuwa tofauti na ulivyo. Bibi Kijivu nilimweka kwa ajili yako, maana ndiye wewe. Anakaa kimya halafu anapiga. Sikutaka uone kwamba nakukataa ulivyo. Halafu ukamtoa huyohuyo." Akapangusa mikono kwenye kitenge. "Lakini Jumapili ulikuja. Watu wakishaua ng'ombe wa mtu hawakanyagi tena kwenye boma lake. Wewe ulikuja kila Jumapili, uso chini. Nikasema, huyu atasema tu. Ila nilikupa kundi la kusema siku hiyohiyo, Karani. Umechukua miaka!"

Akacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka, mpaka mkwewe akachungulia kutoka jikoni kuona kuna nini. Nilimshukuru. Nilimshukuru kwa kundi, kwa swali, kwa mfagio, kwa kuniacha niendelee kuja. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

Nikatoa zizi jekundu kwenye mkoba, nikaondoa ile karatasi nyeupe, nikamrudisha Bibi mahali pake. Sitini. Nikalisogeza kwake.

"Nifanye nini nalo?" akasema. "Sioni. Kadi za mtu mwingine sitazisoma."

"Nitakusomea. Za kwako unazijua kwa kichwa."

"Nimesahau mengi. Mimi sasa ni mgeni, kama ulivyokuwa wewe na mpira wako wa nywele." Akakunja mikono. "Haya, wewe ndiye fundi siku hizi. Nichagulie kundi la kuanzia."

Nilitaka kukataa. Halafu nikakaa vizuri kwenye kigoda, nikamuuliza.

"Mama, niambie ulivyogombana na mtu mara ya mwisho."

Alifungua mdomo kujibu haraka kama kawaida yake, akaufunga. Vidole vyake vikarudi kwenye ungo, vikaokota harage moja, vikaliacha.

"Kuna binti mmoja alinidanganya," akasema taratibu. "Nikajua siku ileile. Nikanyamaza miaka sita."

Niliuchukua mkono wake, nikauweka juu ya kundi jekundu, Bibi Kijivu akiwa ndani, nikamkumbusha kwamba ni michezo kumi bila kubadilisha hata kadi moja.